Siwema binti Bushiri na Pumzi ya Jiwe

Mikono ya Siwema binti Bushiri haikushika hina. Chokaa iliila ngozi yake tangu utotoni, na wiki ya harusi yake somo wake alipaka, akarudia, akapaka tena, mwisho akasema, "Mwanangu, nenda hivyohivyo, mume ataona uso."

Baba yake, Mzee Bushiri, alikuwa na tanuri la chokaa ukingoni mwa maji, upande wa Gerezani. Wakati ule Waingereza walikuwa bado wageni mjini, na soko la Kariakoo ndiyo kwanza limefunguliwa pale walipokuwa wamewekwa wapagazi wa vita. Watu walijenga kila upande, na kila aliyetaka ukuta wa heshima alikwenda kwa Mzee Bushiri. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, nyusi zimepauka kwa kazi, hata wasiomjua wakamdhani mkongwe. Hakujaaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na Siwema tu, basi akamfunza Siwema.

Somo la kwanza alimpa uani, kama mchezo. Mama yake Siwema alikuwa akiuza chokaa ya tambuu, naye akiiweka chunguni na maji juu yake ili isishike gamba. Mzee Bushiri alichota yale maji ya juu, maangavu, akayatia bakulini, akakata bua la jani la mpapai, akampa mtoto.

"Puliza."

Siwema akapuliza. Maji yakageuka meupe kama tui.

"Usiache. Puliza tu."

Akapuliza mpaka mashavu yakamuuma, na ule weupe ukaanza kupungua, maji yakarudi kuwa maangavu. Siwema akacheka, akidhani baba yake ni mganga. Kisha mzee akayabandika motoni, na yalipochemka weupe ukarudi tena.

"Umeona," akasema. "Humo ndani wako wawili wanaovutana, na kila mmoja amesimama pake. Ukimwongezea mmoja, mwenzake anasogea. Ukipunguza huku, wanahamia huku. Wewe umeongeza pumzi yako, wakahama. Mimi nimeifukuza kwa moto, wakarudi."

Siku nyingine alimpeleka tanurini, akampa jiwe la tumbawe alinyanyue. Akashindwa. Akampa jingine, la ukubwa uleule, lililokwisha kuchomwa. Akalinyanyua kwa mkono mmoja.

"Limepungua nini?" baba akamwuliza.

"Limekauka."

"Tumbawe lilikaa juani miezi, mama. Lilikuwa kavu kuliko mimi. Limetokwa na pumzi. Jiwe ni chokaa iliyoshikana na pumzi, na moto ndio unaowatenganisha. Lakini hawaachani kwa talaka tatu, hao. Ni talaka rejea. Pumzi ikibaki palepale juu ya jiwe, wanarudiana. Utachoma mchana kutwa, huku wanaachana, huku wanarudiana, na magogo yamekwisha na wewe huna chokaa. Ndiyo maana tanuri langu liko juu, mahali pa upepo. Moto unatenganisha, upepo unamchukua mmoja na kwenda naye. Akishakwenda, yule aliyebaki hana wa kumrudia."

Siwema aliyashika maneno hayo kama wenzake walivyoshika sura za juzuu.

Akaolewa na Nasor bin Muhiddin. Nasor alikuwa mtoto wa mwisho katika nyumba ya Waarabu wenye duka la viungo Mtaa wa Kongo, kaka zake wamekwisha kujaa dukani, yeye hana pa kukaa isipokuwa juu ya gunia. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mikono na wa maneno, na hakuona haya kuoa binti wa mchoma chokaa. Mama yake, Bi. Amna, ndiye aliyeona haya. Mzee Bushiri alipofariki, Nasor akalishika tanuri, na watu wakakubali kwamba chokaa bado ni ile. Walikubali kwa sababu Siwema ndiye aliyekuwa akionja kila tanuri, akidondosha maji juu ya jiwe na kusikiliza linavyolia.

Wakapata kiwanja chao Mtaa wa Swahili. Kiwanja kilikuwa na masharti: nyumba isimame, na kuta zipakwe chokaa ndani na nje kabla mwaka wa Kizungu haujageuka, la sivyo serikali inakitwaa na kumpa mwingine. Wakasimamisha miti, wakakandika udongo, wakaezeka, wakahamia na binti yao mdogo, Azza. Chokaa ikawa haipatikani. Kila tanuri lililochomwa lilikuwa limekwisha kuagizwa na mtu, na Nasor hakujua kumwambia mtu la. Mwanamize, jirani yao wa mlango wa pili, alikuwa akipita akichungulia zile kuta za udongo. "Shoga, sisi wengine tutapata wapi chokaa, ikiwa nanyi hamna?"

Mzungu wa viwanja alikwisha kuja mara moja akawasogezea siku mbele. Mara hii alisema hasogezi tena.

Siwema alikuwa na sababu kubwa ya kuogopa kuliko ya kiwanja. Bi. Amna alimtaka Azza. Alikuwa hafichi. Kila akija alimpakata mtoto, akimnusa kichwa, akisema, "Huyu wa Mtaa wa Kongo. Siku mkikosa pa kukaa, mimi napita kumchukua mjukuu wangu. Nyinyi mtajua mtakakolala." Nasor alicheka. Siwema hakucheka, maana alijua Bi. Amna alikuwa hatanii.

Mwaka ule vuli iliwahi. Mvua ilianza kabla hawajapanga tanuri la nyumba yao, na tanuri la wazi likinyeshewa ni hasara tupu. Hapo Nasor akapata akili yake mpya. Akamwita Tarsis, kijana wa watu wa Kilimanjaro aliyekuja mjini kufuata kazi ya bandarini, akaishia kumfanyia yeye, akamwambia achimbe shimo. Mawe na magogo yakae shimoni, na kando lichimbwe handaki la kuteremkia, mtu afike kwenye mdomo wa moto na kuuchochea. Juu pafunikwe mabati na madebe yaliyobabatwa kuwa bapa, mvua isipate pa kuingia.

Tarsis alichimba vizuri ajabu, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu.

"Umejifunza wapi kuchimba, Tarsis?"

"Kwetu, bwana. Tunachimba mifereji, maji yanazunguka mlima wote."

"Basi hapa umechimba mfereji wa moto."

Siwema alisimama ukingoni na kanga yake kichwani, akaliangalia lile shimo. Hakulipenda.

"Baba Azza," akasema, "moto humo utakuwa mkali. Lakini pumzi ya mawe itatokea wapi?"

"Tumeacha tundu la moshi."

"Tundu hilo ni la moshi. Marehemu baba alikuwa akitaka upepo upite juu ya jiwe lote."

"Marehemu alikuwa akiwapasha moto ndege wa mbinguni," Nasor akasema, na wachukuzi wa mawe wakacheka. "Joto lake lote lilikwenda juu. Mimi joto langu nalifungia ndani. Na hiyo pumzi nayo ikae iote moto pamoja nasi, ina shida gani?"

Wakacheka tena. Siwema akaona haya kubishana na mumewe mbele ya wachukuzi, akanyamaza. Nyumbani alilirudia lile neno mara moja, Nasor akamjibu kwa upole kwamba siku zimewaishia, ama hivi ama kiwanja kiende. Siwema akamtazama Azza aliyelala, akanyamaza tena.

Walilitia moto. Mvua ikanyesha, mabati yakalia, moto chini ukawaka bila taabu, na Nasor akatembea mjini akijisifu. Lakini asubuhi ya kulichungulia, Siwema alipofika na uji wao, alimkuta Tarsis ameketi juu ya jiwe, kichwa mikononi.

"Shikamoo, bibi. Kichwa kinanipasuka tangu alfajiri."

"Marahaba. Umelala wapi?"

"Handakini, bibi. Kuna joto zuri."

Siwema akageuka kulitazama handaki, asijue anatafuta nini. Nasor akatokea nyuma ya mabati, uso mwekundu, akionyesha jiwe alilolitoa kwa koleo. Lilikuwa limewiva rangi kama embe, likapoa mbele yao, na Siwema alipolinyanyua lilikuwa zito vilevile. Akadondosha maji. Jiwe likanywa maji, likanyamaza.

"Bado jiwe," akasema.

"Na magogo yamekwenda nusu. Moto hautoshi, nitausogeza."

"Moto unatosha, baba Azza. Moto umezidi. Pumzi haina pa kwenda, inairudia chokaa. Fungua mabati."

"Mvua hii?"

"Imekatika sasa hivi. Fungua."

"Nikishasogeza magogo nitafungua," akasema, akachukua mti wa kuchokolea, akateremka handakini akiimba kidogo, kama alivyozoea. Akamwambia Siwema ammiminie uji upoe.

Siwema akamimina. Wimbo ukakatika. Alidhani amefika kwenye mdomo wa moto, anafanya kazi. Alipotazama chini, Nasor alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mti umemwangukia mapajani, kama mtu aliyechoka akapumzika. Macho yalikuwa wazi nusu.

"Baba Azza."

Jicho halikupepesa.

Tarsis akaruka kuteremka. Na hapo ndipo Siwema alipofanya jambo ambalo mtaa haukulisahau. Alimrukia Tarsis, akamshika kiunoni kwa mikono yake miwili mbele ya wachukuzi wote, akamvuta nyuma wakaanguka wote matopeni.

"Usishuke! Ukishuka hurudi!"

"Bibi, niache, bwana amezimia."

"Hajazimia. Handaki limejaa pumzi ya mawe, nzito, imetuama kama maji, wewe huioni. Bandueni mabati kwanza. Bandueni."

Wakasimama wakimtazama. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na harufu, kulikuwa na mtu ameketi. Siwema akalishika bati la kwanza mwenyewe, la moto, akalivuta, na viganja vyake vikabaki na alama mpaka kufa kwake. Ndipo nao wakamfuata. Walibandua, wakatupa, madebe yakaserereka mpaka majini, upepo wa bahari ukaingia shimoni. Tarsis akafungwa kamba kiunoni, akateremshwa amezuia pumzi, akamtoa Nasor. Wakamlaza majanini. Siwema alimpuliza, akamsugua kifua, akamwita kwa jina lake ambalo mke halitaji hadharani.

Nasor bin Muhiddin alizikwa siku ileile, kabla ya alasiri.

Bi. Amna hakupiga kelele. Alimsikiliza kila aliyekuwapo, mmoja mmoja, kisha akaingia chumbani alikokaa Siwema kizuka, akasimama mlangoni.

"Mwanangu alikuwa chini, na wewe unabandua mabati."

"Mama, angeshuka Tarsis wangekufa wawili."

"Huyo Tarsis ungemwacha aamue. Ulimkumbatia mwanamume ili asimwokoe mumeo."

 Siwema alilijua somo la baba yake, la moto na upepo na wale wawili wanaovutana, lakini maneno ya namna hiyo huwezi kumwambia mama aliyetoka kumzika mwana. Mtaani walisema tanuri lilikuwa na mwenyewe, jini, na Nasor hakumfukizia ubani. Wengine walisema vibaya zaidi, habari ya kiuno cha Tarsis. Bi. Amna akasema neno moja tu kabla ya kuondoka: nyumba hiyo haitafika mwaka mpya, na siku itakapotwaliwa atakuja kumchukua Azza.

Tanuri hakuna aliyelikumbuka. Magogo yalikuwa yamebaki mengi, moto ukaendelea kuwaka peke yake, juu wazi, upepo ukipita watu wakiwa makaburini. Mvua nayo, kwa majaliwa, haikunyesha. Tarsis alipokwenda kulifukia shimo alipiga jiwe moja kwa koleo, likalia kama gae. Akalinyanyua. Jepesi. Akatia maji, likapiga kelele, likavimba, likapasuka, likamwagika unga mweupe. Akayajaribu mengine, yote yalikuwa vivyo hivyo ila ya chini kabisa. Pale palipofunuliwa ili kumtoa Nasor, ndipo pumzi ya mawe ilipopata njia.

Akaja mpaka nje ya dirisha la Siwema. Mwanamke wa eda haonekani na mwanamume, basi akasema na Mwanamize, na Mwanamize akayapeleka maneno ndani.

"Anauliza afukie au alete. Anasema anaona vibaya."

 Mwanamize, ambaye hakuzoea kungoja jibu, akaanza kupanga vikombe visivyohitaji kupangwa.

"Chokaa hiyo," Siwema akasema, "imemla mume wangu."

"Basi afukie, shoga. Tutatafuta nyingine."

"Wapi? Mwaka unageuka lini?"

 Azza alikuwa uani akimfundisha mwanasesere wake wa gunzi kukaa eda, amemfunika kipande cha kaniki.

"Mwambie alete," Siwema akasema.

Ikazuka shida nyingine. Mafundi wa kupaka ni wanaume, na ndani ya nyumba mna mwanamke wa eda. Siku za kiwanja zingekwisha eda ikiwa bado mbichi. Mwanamize akazunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, akawakusanya wanawake waliojua kukandika udongo, akawaambia chokaa ni udongo uliooga. Tarsis akapaka nje. Wao wakapaka ndani. Walikuja wamejifunga vibwebwe, na wengine wao walikuwa walewale waliomsema Siwema. Aliketi kitandani kwake, kaniki mwilini, akielekeza.

"Maji kidogo, Mwanamize, unapika uji?"

"Mimi na uji nimezoea. Hii yako inaniuma vidole."

"Itakuuma. Kesho hina haitakushika."

"Mume wangu mwenyewe hanishiki, hina itanishika?"

Wakacheka, na Siwema akacheka, kisha akalia, nao wakaendelea kupaka bila kumtazama, jambo ambalo aliwashukuru kwalo.

Chumba kilikuwa kibichi. Bibi mmoja akataka kuleta jiko la makaa, afunge mlango, ukuta ukauke upesi, kama wafanyavyo watu wenye haraka. Siwema aliinuka kitandani, akasimama mbele ya lile jiko.

"Halitaingia humu."

"Utapata kifua, mwanangu, na ubichi huu."

"Nipate. Fungueni dirisha. Ukuta huu hautaki moto tena, umekwisha kuupata. Sasa unataka kurudishiwa kilichotolewa. Utakaa na watu, watu watapumua, utashika."

Yule bibi akalirudisha jiko lake akinung'unika kwamba majonzi yamemwingia mtoto wa watu kichwani.

Mzungu wa viwanja akaja mwezi ukikaribia kwisha. Hakuingia chumba cha eda. Akakwaruza ukuta wa mbele kwa ufunguo, akautazama ufunguo, akakwaruza wa ukumbini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Kiwanja kikabaki cha Siwema.

Tarsis alikuja kuaga baada ya hapo. Alisimama nje ya dirisha, Mwanamize katikati yao kama ukuta mwingine.

"Mwambie bibi," akasema, "watu wananiambia nilishikwa na mwanamke nikakubali. Mwambie mimi ndiye niliyechimba lile handaki."

Siwema akajibu mwenyewe, sauti yake ikipitia dirishani. "Ulichimba ulivyoambiwa, baba. Na mimi nilinyamaza nilivyofunzwa. Nenda salama, wasalimie kwenu."

Eda ilipokwisha, ilikuwa juu ya mama mkwe kumwosha mjane na kumtoa. Mtaa wote ulingoja kuona kama Bi. Amna atakuja. Alikuja mapema, na manukato yake na kanga mpya mkononi, bila kumtazama mtu. Hakuwa mwanamke wa kukimbia wajibu. Akamwosha Siwema uani kimya kimya, kichwani, mabegani, miguuni. Alipofika viganjani akaona yale makovu ya bati. Akayatazama. Akayamiminia maji kama alivyoyamiminia mahali pengine pote, akaendelea.

Walipoingia chumbani kuvaa, Bi. Amna aliegemea ukuta kupumzisha miguu, akaondoka upesi, akautazama mkono wake. Masika yalikuwa yamekaribia, na ukuta ulikuwa na matone membamba.

"Nyumba yako inatoka jasho."

"Inarudi kuwa jiwe, mama. Ikivuta pumzi, inatoa maji. Itatoa mpaka ishibe."

"Pumzi ya nani?"

"Ya waliomo. Yangu, ya Azza. Ya wote waliokuja kunipa pole."

 Siwema akaona midomo ya Bi. Amna ikitaka kuuliza jambo, na akajua ni jambo gani, kama imo na ya Nasor, naye alikuwa tayari kulijibu, hata kwa kudanganya kama ingebidi. Lakini mama yule hakuuliza. Aliufuta mkono kwa upindo wa kanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Azza," akaita.

Mtoto akaja mbio. Bi. Amna akampakata, akamnusa kichwa, akamkaza kifuani hata Azza akalalamika kwamba anambana. Siwema alisimama na kanga mpya haijafungwa. Kisha bibi akamweka chini mtoto, akamsukuma kidogo kuelekea kwa mama yake.

"Mfunge mama yako kanga," akasema.

Akatoka. Alipita ukumbini, akapita barazani, wala hakurudi tena ndani ya nyumba ile mpaka alipofariki. Siku za sikukuu Siwema alimpeleka Azza Mtaa wa Kongo, akambishia mlango, akangoja nje.